Vumbi Lililotulia Juu ya Chiriku

Mashine ya kusaga mawe ilipozimwa jioni, kina mama wa mtaa ule walitoka na mabeseni ya maji na vitambaa, wakawaita watoto mmoja mmoja na kuwapangusa. Walianza na kope, wakaja puani, wakamalizia nyuma ya masikio, kwa sababu hapo ndipo vumbi la machimbo linapopenda kukaa. Mtoto asiyepanguswa jioni aliamka asubuhi na ganda. Ganda changa lilitoka kwa maji ya vuguvugu. Likilala tena lilitaka kusuguliwa, na mtoto alilia. Likizidi hapo ilikuwa kazi ya nyundo na tindo. Mbuzi wa fundi viatu alifungwa kwenye nguzo akasahauliwa wakati wa msiba, na watu waliporudi walimkuta amekuwa jiwe zuri tu la kukalia. Yuko pale mpaka leo. Wateja humkalia wakisubiri viatu vyao, na fundi huwaomba wasimkalie shingoni.

Mlima wa machimbo ulikuwa mmoja kwa nje, lakini ndani yake ilikuwa milima miwili. Upande wa mtaa, jiwe lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, limepangana kama mashuka yaliyokunjwa kabatini. Ulikuwa upande wa tabaka. Vumbi, mchanga na makombe ya konokono yalitulia pale zamani, moja juu ya jingine, yakalaliana mpaka yakashikana. Ukiligonga jiwe hilo ubavuni linafunguka, na ndani unaweza kukuta jani, au konokono, au unyayo wa ndege. Upande wa pili wa mlima jiwe lilikuwa jeusi, zito, lenye chembe zinazometameta. Huo ulikuwa upande wa moto. Jiwe lake lilipanda kutoka tumboni mwa ardhi likiwa uji unaotokota, likapoa, likawa gumu. Ukilipasua hukuti kitu, maana kila kilicholisogelea kiliungua.

Wanaume waliofanya kazi upande wa moto walikuwa na joto la upande ule. Wakija nyumbani likizo walilala sakafuni siku za mwanzo mpaka wapoe, wasije wakaunguza godoro. Baba yake Chiriku alikuwa mlipuaji wa baruti huko. Akiwa nyumbani, mkewe alimtundikia sweta la shule la mtoto mgongoni, likakauka kabla chai haijamiminwa vikombeni. Chiriku naye aliegemea mgongo ule ule, akazungumza. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alihesabu meno ya watu. Aliuliza kwa nini kuku hana kiwiko.

Ndugu wa pande zote mbili waligombania amechukua kwa nani. Shangazi yake alisema, "Huyu ni wetu. Tazama anavyowaka." Mama yake alijibu kwamba kuwaka anawaka, lakini akiamua kukaa mahali hang'oki, na hilo si la kwa kina shangazi. Yalikuwa mabishano ya utani, ya kupitisha jioni. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja yatakuja kukatiwa hukumu.

Baba aliondoka baada ya likizo akasema atarudi mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani. Upande wa moto simu hazikushika mtandao, na ruhusa zilitolewa kwa kadiri meneja alivyoamka. Salamu zilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori. "Mzee anasema mambo yakikaa sawa anakuja," alisema dereva, na akapita.

Chiriku akaanza kukaa kwenye kiti cha jiwe nje ya geti lao, akiangalia barabara ya malori.

"Mama, baba anakuja lini?"

"Kesho."

Mama alisema kesho kwa sababu sufuria ilikuwa motoni na kuni zilikuwa mbichi, na neno hilo ni jepesi mdomoni. Siku ya pili akalisema tena. Mwenye mtoto na aliogope neno hili. Mtu mzima akiambiwa kesho anajua ni njia ya kufunga mazungumzo. Mtoto anakwenda kukaa nje.

Mwanzoni mama alitoka na beseni na kumpangusa pale pale kitini. Halafu Chiriku akaanza kukataa kugeuza shingo. Alisema akigeuka lori litapita asilione. Akakataa kufumba macho apanguswe kope. Mama, ambaye alikuwa ameshinda juani akigonga kokoto, alitupa kitambaa ndani ya beseni.

"Haya, kaa hapo hapo ugande, tuone."

Kila mama wa mtaa ule amewahi kusema hivyo. Ni kama mama wa kwingine anavyosema nitakutandika, na asiinue hata mkono. Lakini msimu ule kampuni ilikuwa imeliondoa gari la maji lililokuwa likilowesha barabara na mashine. Lilipelekwa kumwagilia maua ya ofisini. Vumbi lilitoka jeupe na zito, na halikuchagua pa kutua. Kesho yake mama alisugua, ngozi ikawa nyekundu, Chiriku hakulia wala hakusema neno. Mtoto ambaye hajawahi kunyamaza alikuwa amenyamaza ili asikilize injini. Mama aliingia ndani kuchukua jiwe la kusugulia miguu, homa aliyokuwa ameibeba tangu asubuhi ikamlaza hapo hapo mkekani siku kadhaa. Alipoinuka tena, ilikuwa ni jirani aliyemwamsha. Jirani huyo alikuwa Mama Pacha, ambaye pacha wake wawili walikuwa wamepanguswa mpaka wanang'aa.

"Mama Chiriku, mwenzangu, amka. Mwanao ameanza kuwa na kona."

Walitoka pamoja. Chiriku alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini, uso barabarani, rangi ya chai ya maziwa. Kwenye mapaja palikuwa na jani lililoanguka likashikwa nusu.

"Si ulisema nikiumwa utanipangusia?" mama aliuliza.

"Nilidhani shangazi yake amekuja. Nimeona mtu ametulia, nikajua yupo na mkubwa." Mama Pacha aligonga bega la mtoto kwa kidole, taratibu. "Ndani kuna mtu. Mlio wa mtu ninaujua."

Mama aliweka sikio. Ndani mlikuwa na pumzi, ndefu, ya kusubiri.

Sheria ya machimbo ilijulikana hata na watoto. Kitu kikionekana ndani ya jiwe la tabaka, kazi inasimama. Mashine inazimwa, barabara inaloweshwa, mafundi wanakuja na tindo nyembamba na kulifungua jiwe karatasi kwa karatasi, hewa ikiwa safi, kwa sababu vumbi hufunga kilichofunguliwa. Jiwe la moto halina sheria hiyo. Jiwe la moto halishiki kitu ndani, kwa hiyo hakuna cha kutafuta. Huwekwa alama ya rangi nyekundu, na kazi inaendelea.

"Walisimamisha mashine kwa ajili ya samaki aliyekutwa ndani ya jiwe," mama alisema. "Samaki mwenyewe hata hawakumla."

"Na picha yake wameitundika ofisini," alisema Mama Pacha. "Twende. Na jifunge kitambaa kichwani vizuri, wasiseme tumekuja na fujo."

Ofisi ilimtuma mtaalamu wa miamba. Alikuwa binti aliyetoka chuoni juzi, mwenye adabu, aliyewaamkia wakubwa kabla hajaifungua mikoba yake. Alichuchumaa mbele ya Chiriku, akamtazama kwa kioo cha kukuzia, kuanzia vidole vya miguu hadi kwenye nywele. Alidondosha tone la siki begani, likachemka povu dogo jeupe.

"Jiwe la moto halifanyi hivi," alisema. "Na chembe zake zimeng'ang'aniana huku na huku, kama sukari iliyoungua. Lile limezaliwa mara moja, mama. Hili limezaliwa kidogo kidogo. Weka kidole hapa. Mstari huu mwembamba ni Jumapili, mashine haikusaga. Huu mnene ilikuwa siku ya upepo."

Mama alipitisha kidole. Siku ya upepo ilikuwa nene kama kitasa cha sanduku.

"Mimi shuleni tuliambiwa ipo na ya aina ya tatu," alisema Mama Pacha.

"Ipo. Ni ile iliyobanwa na kuchomwa hadi ikabadilika. Nyingine huwezi tena kujua mwanzo wake ulikuwa nini."

"Hao ni sisi tulioolewa hapa."

Mtaalamu aliinamisha kichwa ili asicheke kazini. Mama Chiriku hakuwa amesikia. Alikuwa amebaki na kidole chake kwenye siku ya upepo.

"Kwa hiyo ni wa tabaka."

"Ndiyo, mama. Hata asiyesoma anaona."

"Basi sema."

"Nitasema. Lakini anayeamua rangi ni meneja."

Meneja hakuwa mtu wa kufoka. Alikuja mchana, amevaa kofia ngumu safi, akamsikiliza mtaalamu mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali kila neno. Watu walikuwa wamejaa getini. Nyuma yao mashine ilisaga, na ilibidi kila mtu apaze sauti.

"Mtaalamu, nisaidie. Miamba tunaipanga kwa sura au kwa asili?"

"Kwa asili, bosi. Sura hutusaidia tu kuijua asili."

"Ahsante. Kwa asili." Aliwageukia watu kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. "Sasa ndugu zangu, asili ya mtoto ni nani? Mimi ni mgeni kwenu, nifundisheni. Mtoto huitwa wa nani?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mtoto ni wa baba, kama ambavyo angesema maji ni ya kunywa.

"Na baba wa huyu tumemwajiri upande upi?"

Kila mtu alijua.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema mama. "Na vumbi lililomfunika ni la upande huu. Ni lenu."

"Hakuna anayekunyang'anya uzazi, mama. Mimi nataka haki itendeke, asije mtu akasema nimeamua peke yangu. Baba mwenyewe aje aseme."

Watu wakafurahi. Hata mama alifurahi, na hapo ndipo alipokosea, maana alikuwa amemkumbuka mumewe muda mrefu kiasi kwamba kusikia tu kwamba anakuja kulimfanya asahau kuuliza anakuja kwa lipi. Alikwenda kusuka nywele. Aliosha kikombe kile kikubwa. Alimwambia Chiriku kupitia kwenye jiwe, akiwa ameweka mdomo karibu na mahali pa sikio, kwamba baba anakuja, na safari hii kweli. Kama mtoto alisikia, haikuonekana.

Lori lilimshusha baba mchana, mbele ya meneja na watu wote. Ovaroli yake ilikuwa inafuka mabegani. Uchovu ulikuwa umemla mashavu. Hakuambiwa chochote njiani isipokuwa kwamba mtoto wake ana shida na anatakiwa. Mama alijipenyeza kati ya watu ili amfikie, lakini watu walikuwa wengi na meneja alikuwa karibu zaidi.

"Mzee, karibu. Swali ni moja tu, halafu upumzike. Huyu hapa ni mtoto wako?"

Baba alimtazama Chiriku. Alimwona mikono magotini, uso umeelekezwa barabarani alikotokea yeye. Alijua papo hapo alikuwa anasubiriwa nani. Alisikia watu nyuma yake wamenyamaza, akadhani kuna mtu anamtilia shaka binti yake, au anamtilia shaka mkewe. Mwanamume aliyekaa mbali na nyumba yake kwa muda mrefu hudhani mambo ya namna hiyo.

"Ni wangu," alisema kwa sauti iliyoishinda mashine. "Damu yangu hii. Nani anabisha? Ni wangu kuliko mkono wangu huu."

"Hakuna anayebisha," alisema meneja, akamshika mkono, akauachia upesi kwa sababu ya joto. Kijana wa rangi alikuja na kopo na kumtia Chiriku alama nyekundu begani, nadhifu, ya duara. Mtaalamu wa miamba alitazama viatu vyake. Kisha aliifunga mikoba yake na kuwaaga wakubwa kwa adabu ile ile.

Mama alipomfikia mumewe alimweleza yote sikioni. Alieleza kwa maneno machache kwa sababu dereva alikuwa hajazima injini. Baba alimgeukia meneja.

"Bosi, sikuelewa swali. Naomba nijibu upya."

"Jibu, mzee. Watu hawa hapa." Meneja aliongea kwa upole. "Unataka kusema mbele yao kwamba mtoto si wako?"

Baba aliwatazama watu. Walikuwemo wazee, shangazi yake Chiriku, wanafunzi wenzake Chiriku wa darasa la tatu, pacha wawili wa jirani. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mafupi, na nyuma ya maneno hayo ulikuwapo mlango wa kumtoa mwanawe. Hakuna mwanamume wa mtaa ule aliyewahi kuyasema kwa sauti, na yeye hakuwa wa kwanza.

"Sema tu," mama alinong'ona. "Mimi na yeye tutajua. Sema."

Mdomo wake ulifunguka ukafungika. Aliyemwona alisema baadaye kwamba moshi mwembamba ulimtoka.

Dereva alipiga honi. Ruhusa ilikuwa ya kwenda na kurudi. Baba akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaweka kiganja chake kifuani mwa mtoto na shavu lake kwenye shavu la mtoto. Akasema kitu, lakini mashine ilikuwa inasaga na hata mama aliyesimama karibu hakukisikia. Mvuke ulipanda. Alikaa hivyo mpaka honi ya pili, na alipoondoa mkono pale palikuwa peusi kidogo na pagumu, panapong'aa. Mama alijaribu pale kwa tindo wiki iliyofuata, tindo ikateleza. Mahali pengine pote jiwe lilikubali. Pale alipogusa baba palikuwa pamegeuka.

Tangu siku ile mama hutoka jioni, mashine ikishazimwa, na nyundo ndogo aliyoazima na beseni la maji. Huondoa tabaka moja. Linatoka kama karatasi ukilibembeleza, na ukiligeuza unaona kilichokuwa siku ile: nukta za manyunyu, mguu wa nzi, mstari wa vumbi la tairi za lori. Huzipanga kando ya ukuta. Mchana mashine husaga na tabaka jingine huja. Jirani humwambia apumzike siku moja, na yeye hujibu kwamba siku moja ndiyo iliyomfikisha hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mama Pacha, ambaye ni mzazi, hamwambii tena. Humletea maji. Pacha wake sasa huwapangusa mara mbili, hata wakipiga kelele, hata kukiwa na wageni.

Zilipokuja mvua za kwanza vumbi lilishindwa kupanda. Mama akapata nafasi. Aliondoa tabaka mbili jioni moja, tatu jioni nyingine, akizunguka ile sehemu iliyogeuka, akielekea sikioni. Jioni moja tindo iligusa kitu kisicho jiwe. Akaiweka chini, akatumia ukucha. Lilikuwa ni tundu la sikio, dogo, lenye joto. Kisha sauti ikatoka, ya mtu aliyelala vizuri akaamshwa.

"Mama. Lori limepita?"

"Limepita."

"Baba amekuja?"

Mama alitazama barabara. Ilikuwa imelowa na haikuwa na mtu.

"Amekuja."

"Amesema nini?"

"Amesema wewe ni wake."

Zamani Chiriku angeuliza mengine kumi. Angeuliza amevaa nini, amekula nini, je, bado analala sakafuni. Ndani ya jiwe pumzi ilikwenda ikarudi.

"Basi mwambie anisubiri," alisema. "Natoka."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka. Mama alisimama kando ya barabara kabla malori hayajaanza kushuka. Lori la upande wa moto lilipofika alilipungia mkono, dereva akashusha kioo, na mama akampa ujumbe. Dereva aliurudia ili asikosee njiani.

"Mtoto amesema umsubiri. Anatoka."

"Hivyo hivyo. Usiongeze neno."

"Nitamfikishia, mama. Si leo, leo sifiki kwao. Kesho."

Akaondoa gari. Upande wa pili wa barabara mashine ilinguruma, ikashika. Barabara ilikuwa imekwisha kukauka katikati, na vumbi lililoinuka nyuma ya magurudumu lilipanda juu, likasimama kidogo hewani, halafu likaanza kushuka taratibu juu ya ukuta, juu ya kiti cha getini, na juu ya mabega ya mama, aliyekuwa bado amesimama akilitazama lori likizunguka mlima.